Oksimita ya kujiundia inakufa saa nane usiku, nimepunguza mwanga wa LED na bado

#1 waya_mwekundu

Wakuu heshima kwenu, na wakubwa wote shikamooni.

Niko Mbagala Rangi Tatu. Mzee wangu ana tatizo la kifua la muda mrefu, aliporuhusiwa hospitali tukaambiwa oksijeni yake tuwe tunaiangalia asubuhi na jioni, tukanunua oksimita, kile kidude cha kubana kidoleni cha betri mbili ndogo kama za rimoti. Kizuri tu, ila ukitoa kidole sekunde chache kinazima, na mimi hofu yangu ni usiku maana ndo anakoroma halafu ghafla kimya, halafu anastuka. Nikasema isiwe tabu, haya mambo ya kucheza na saketi nilisoma chuo, ngoja niunde changu kitakachosoma usiku kucha na kunitumia namba kwenye simu chumbani kwangu.

Vitu nilivyotumia ni bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo yenye waifai), sensa MAX30102 inayosoma oksijeni kwa kumulika kidole, kioo kidogo cha OLED, na pawabenki ile tupu unayoweka betri mwenyewe, ya betri moja. Betri ni 18650 imeandikwa 9900mAh, nimeitoa Kariakoo. Kinasoma freshi kabisa, nikilinganisha na kile cha dukani wanatofautiana moja au mbili.

Sasa shida. Namvalisha saa tatu usiku, saa nane kamili kimekufa. Nikitaka kuchomeka ukutani nako usiku wa juzi umeme ulikatika saa nne ukarudi alfajiri.

Nikasoma huku na huku, kila mtu anasema kwenye oksimita mlaji mkubwa wa umeme ni zile LED mbili, yaani vitaa vya kumulika kidole, nyekundu na infraredi isiyoonekana kwa macho. Nikashusha mkondo wake kutoka 50mA (miliampia) hadi 12mA nikalala nikiwa na matumaini. Kimekufa saa nane na dakika kumi. Dakika kumi wakuu!! Na juu ya hapo namba zimeanza kuruka, 98, 87, 94, 89, mzee mwenyewe amelala salama anakoroma.

Nakosea wapi?

#2 chapati_mbili

Ngoja wataalamu waje, mimi nimekaa pale kwenye kigoda na kahawa yangu.

#3 tozi_wa_sinza

Mkuu si ununue ya saa ya mkononi tu yaishe, watu mnapenda kujitesa.

#4 waya_mwekundu

tozi saa nilijaribu ya shemeji, mzee mkono umekonda mkanda unacheza, usiku mzima inaandika vistari viwili. Halafu ile haisomi mfululizo, inasoma ikijisikia.

#5 BabuOhm

Marahaba kijana. Umebana matumizi ya sukari wakati bomba linavuja uani.

Tufanye hesabu kwanza. Zile LED haziwaki muda wote hata kama jicho lako linaona nyekundu imetulia, zinapiga mweko. Sensa yako kwenye mweko mrefu kabisa inawasha LED kwa mikrosekunde 411, na kama umeiweka isome mara 100 kwa sekunde, kwa LED mbili hiyo ni 411 mara 100 mara 2, unapata mikrosekunde 82,200. Ndani ya sekunde nzima taa zimewaka asilimia 8.2 tu ya muda. 50mA kwa asilimia 8.2 ni wastani wa 4.1mA. Ulivyoshusha hadi 12mA wastani ukawa 1mA. Umeokoa 3.1mA, basi.

Sasa bodi nzima inakula ngapi? Hujatuambia, nadhani hujapima. Mimi nakisia inakaribia 100 maana waifai umeiacha wazi usiku kucha. Ukiokoa 3 kwenye 100, kwa masaa matano ni dakika kumi. Ndo dakika kumi zako hizo, hazijapotea popote.

Na hizo 87 zinazoruka ndo bei uliyolipa. Mwanga unaorudi kutoka kidoleni karibu wote ni wa nyama, mfupa na damu iliyotulia, sehemu inayopanda na kushuka na mapigo ya moyo mara nyingi ni asilimia moja au mbili, na kwa mtu mwenye vidole baridi inakuwa chini ya hapo sana. Kifaa kinachukua hako kamtikisiko ka nyekundu kinagawanya kwa mwanga wake wote, kinafanya hivyo hivyo kwa infraredi, halafu kinalinganisha hizo mbili. Uwiano ukiwa 1 ni kama asilimia 85, ukishuka kwenye 0.5 uko kwenye 97 hivi. Sasa ukipunguza mwanga hadi mtikisiko unazama kwenye kelele, nyekundu na infraredi zote zinakuwa kelele tupu, kelele kwa kelele uwiano wake unasogea kwenye 1, na wewe unaona 85, 87. Mtu mzima wa afya anageuka mgonjwa kwa sababu ya betri.

Rudisha 50 kwa sasa. Kapime kwanza halafu urudi.

#6 FundiBoksi

Babu kamaliza ila mimi nina mawili. Moja, hakuna 18650 ya 9900 duniani, zile nzuri kabisa zinazouzwa sana zinaishia 3500 hivi, hiyo yako ni stika tu mzee baba. Ipime uzito, ya kweli inacheza kwenye gramu 45 hadi 48.

Pili, betri yako ni volti 3.7, pawabenki inaipandisha hadi 5, halafu kwenye bodi kuna regulata nyingine inaishusha hadi 3.3. Yaani umepanda ghorofani kuchukua kitu kilichokuwa barazani. Kupandisha unapoteza kidogo, kushusha kutoka 5 hadi 3.3 kwa regulata ya aina ile theluthi nzima inageuka joto. Gusa ile chipu ya miguu mitatu karibu na tundu la USB utaisikia.

#7 waya_mwekundu

Wakuu nimerudi na majibu, kaeni vizuri.

Mizani ya gramu sina, nikaenda kwa sonara hapo sokoni anayenifahamu, nikamwambia mzee naomba unipimie hiki. Akaiweka kwenye kimizani chake cha dhahabu, akavaa na miwani. Gramu 29. Akaniuliza hii ni ya madini gani kijana. Nikamwambia ya Kariakoo.

Nimeazima pia kile kidude cha kupima USB. Kila kitu kikiwaka, wastani 96mA kwenye volti 5. Babu ulikisia 100, we ni mganga? Nikapiga hesabu ya kurudi nyuma, 96 kwa volti 5, toa hasara ya kupandisha kama asilimia 15, gawa kwa 3.7, betri inatoa kama 150mA, mara masaa 5 ni 760mAh. Kwa hiyo 9900 yangu ni mia saba na ushei. Naumia lakini naelewa.

Regulata inaunguza kidole, FundiBoksi umesema kweli.

#8 chapati_mbili

"Ya madini gani kijana" 😂😂😂 kahawa imenipalia

#9 sista_wa_zamu

Habarini. Mimi sio mtu wa saketi, ni muuguzi, nimepita nikaona neno oksimita nikasimama.

Kaka waya_mwekundu pole na mzee. Naomba niseme mambo mawili kabla hamjaendelea kubana umeme. Kwanza hicho chako kiwe cha kukuamsha tu, ukikiona kinasema vibaya mvalishe kile cha dukani, mwangalie na yeye mwenyewe, anapumuaje, midomo ina rangi gani, anajibu ukimwita? Ikiwa chini ya 90 kweli na haipandi hiyo ni safari ya hospitali, usikae kurekebisha programu. Na ukiwaza kuviuza, vifaa tiba vinasajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, usije ukaingia matatizoni.

La pili ndo linalonikera zaidi. Nimeona mnahangaika na mwanga ili namba itulie. Itulie kwenye kidole cha nani? Mwaka 2020 Marekani walichapisha utafiti, kwa wagonjwa weusi oksimita ilikuwa inaonyesha oksijeni nzuri wakati damu ikipimwa maabara iko chini, na hilo lilitokea karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Vifaa vya hospitali hivyo, sio vya kujiundia. Sasa nyie mnaunda hapa hapa Dar, kwa watu wa hapa, msianze kwa kukopi mipangilio ya mtu aliyejaribu kwenye kidole chake cheupe.

#10 BabuOhm

Sista umepiga pale pale. Melanini, ile rangi ya ngozi, inameza nyekundu kuliko inavyomeza infraredi, kwa hiyo kwenye vidole vyetu LED ya nyekundu ndo inayohitaji kusukumwa zaidi, ukiziweka sawa zote mbili utakuta infraredi ina mwanga wa kumwaga na nyekundu inahema. Ndo maana kila LED iwe na kiwango chake. Ila tuelewane, hiyo inakupa mawimbi masafi tu, ule upotofu wa kusoma juu kwenye ngozi nyeusi hauondoki kwa kuongeza ampia, uko kwenye namna namba zinavyotafsiriwa.

#11 Kipepeo_Kinondoni

Jamani na mimi nichangie, sijui kama inahusu. Mtoto wa dada yangu katoka harusini Zanzibar kapakwa piko, ncha zote za vidole nyeusi tii, karudi na homa na kikohozi. Tumefika dispensari nesi kabana kidole hiki, hamna, kabana kile, hamna, kachukua na kifaa kingine, kikasoma 80 kikafa. Sisi tushaanza kulia. Alikuja mama mmoja mfagiaji, mfagiaji jamani, akasema mwekeeni kwenye dole gumba la mguu. 98! Mguuni alipakwa hina ya kawaida ya nyekundu na haikuishia kwenye kucha.

#12 sista_wa_zamu

Inahusu sana dada. Piko inaziba mwanga kabisa, hina nyekundu haisumbui hivyo. Sikioni pia ni pazuri.

#13 FundiBoksi

Kwa hiyo ukiwa na kifaa kinachojirekebisha mwanga chenyewe ukakiweka kwenye piko, kitapandisha LED hadi mwisho na kubaki huko usiku kucha kinanyonya betri na hakioni kitu. Mkuu waya_mwekundu andika kwenye programu, ikifika juu kabisa na bado haioni mapigo, iache kusukuma, ipige kelele "badili kidole".

#14 waya_mwekundu

Nimeandika hiyo, ahsante.

Awamu ya pili sasa. Jumamosi nzima nimekuwa mezani, mama anasema chakula kinapoa mimi napima miliampia. Nilichofanya ni kuzima kitu kimoja kimoja na kuandika.

Waifai nimezima, kutoka 96 ikashuka hadi 61. Kumbe namba za usiku sihitaji kuziona kila sekunde, nazihifadhi ndani ya bodi, redio inawaka asubuhi nikizihitaji au usiku ikiwa oksijeni imekaa chini ya 90, basi. Kioo nimekizima, ikawa 49. Mzee amelala, nani anasoma kile kioo? Prosesa nimeishusha kutoka megahezi 240 hadi 80, ikawa 34.

Nikafurahi nikapiga na picha. Nikakichomoa, nikakirudisha kwa mzee, nusu dakika KIMEZIMA. Nikawasha, nusu dakika kimezima. Nimekaa lisaa lizima natafuta kosa kwenye kodi zangu (za programu, sio za TRA), nimebadilisha waya, nimelaumu sensa, nimemlaumu na mdogo wangu eti kashika.

#15 FundiBoksi

Hahahaha pawabenki hiyo!! Pawabenki nyingi ikiona unachukua umeme mdogo sana inadhani simu imejaa, inakata. Umefanikiwa mpaka ukazimiwa 😂

#16 chapati_mbili

Bongo bana, ukibana matumizi wanakukatia huduma.

#17 waya_mwekundu

FundiBoksi nimecheka na kulia kwa pamoja. Sasa nifanyeje, niongeze taa ya bure iwe inakula umeme ili pawabenki isikate?

#18 FundiBoksi

Wapo wanaofanya hivyo na ni aibu. Achana na pawabenki kabisa. Chukua chaja ndogo ya betri ya litiamu, ile ya bluu yenye ulinzi wa kuzuia betri isiishe kupita kiasi, betri iende moja kwa moja kwenye regulata ya HT7333, itoke 3.3 iingie kwenye pini ya 3.3 ya bodi. HT7333 yenyewe inajilisha mikroampia 4 hivi, ile iliyopo kwenye bodi yako inajilisha kama 5mA hata bodi ikiwa imelala fofofo. Zingatia ni ndogo, robo ampia tu ndo mwisho wake, ukiwasha waifai weka kapasita nono pembeni la sivyo bodi itajizima na kuwaka.

Halafu ing'oe ile regulata ya zamani. Na kile kitaa chekundu cha bodi kinachosema "nimewaka", nacho king'oe, kinakula karibu 2mA masaa yote kumwambia nani?

Ukimaliza hapo mlaze prosesa. Sensa yako ina ghala la ndani la sampuli 32, kwa hiyo hakuna haja prosesa ikae macho inasubiri kila moja. Sensa ijaze ghala, imgonge prosesa, aamke, abebe zote, apige hesabu, alale tena.

#19 waya_mwekundu

Kile kitaa. Nimekaa nacho mwaka mzima nakiona kizuri. Nimekinyofoa kwa ncha ya pasi ya kulehemu, kidogo tu kama punje ya mchele iliyokatika, kikaruka sijui wapi, usiku nimekikanyaga.

Matokeo na betri moja kwa moja, LED za sensa nimezirudisha 50mA kama babu alivyosema: 7mA kifaa kizima. Kutoka 96. Namba hazijaruka hata moja, mzee 95, 96, 95.

Sasa angalieni hii. Kwenye 7, LED za kidoleni ni 4.1. Ile kauli ya mitandaoni kwamba LED ndo mlaji mkubwa, SASA ndo imekuwa kweli. Walioiandika walikuwa wanaongelea kifaa ambacho mambo mengine yote yameshanyooshwa, na mimi niliichukua nikaibandika kwenye kifaa kinachovuja kila upande.

#20 BabuOhm

Hapo sasa tunaweza kuongea habari ya mwanga. Kijana vuta kiti.

Una vishikizo vitatu, ukubwa wa mkondo, urefu wa mweko, na miweko mingapi kwa sekunde. Watu wanakimbilia wa kwanza maana ndo unaoonekana kwa macho. Mimi ningeanza na wa tatu. Moyo wa mzee unapiga mara moja na kitu kwa sekunde, hata ukipiga 120 kwa dakika ni mara mbili tu kwa sekunde, unahitaji miweko 100 ya nini? Shusha hadi 50, umekata nusu ya umeme wa LED na wimbi bado lina umbo lake.

Ila kuna mtego hapo. Kwenye ile sensa kuna mpangilio wa kuchanganya sampuli 4 zitoke 1, unaona namba zinatoka 25 kwa sekunde unafikiri umeokoa. Hujaokoa kitu kwenye LED, taa bado zinapiga 100, zinachanganywa tu baadaye. Punguza miweko yenyewe.

Urefu wa mweko, sensa yako inakubali 411, 215, 118 na 69. Ukifupisha unaokoa, lakini usahihi wa kusoma nao unashuka, 411 inakupa biti 18 na 69 inakupa biti 15. Kwa mtu mwenye vidole vya moto biti 15 zinaweza kutosha. Kwa mzee wa kifua aliyelala chini ya feni, mtikisiko wake ni mdogo, ungeacha 411.

Mkondo sasa. Mwanga unakuja kwa chembe chembe kama mvua kwenye bati, na kelele yake inakua kwa kipeuo cha pili. Maana yake ukiongeza mwanga mara nne, usafi wa wimbi unaongezeka mara mbili tu. Ile miliampia ya mwisho unayoongeza ndo ghali kuliko zote na ndo inayokuletea kidogo kuliko zote. Kwa hiyo usiweke namba moja ya milele. Kila baada ya sekunde chache iangalie nguvu ya mapigo, ikiwa imezidi shusha hatua moja, ikipungua pandisha, na kila LED kivyake. Sensa yako inapanda kwa hatua za 0.2mA, ni laini kabisa.

Na kabla ya kuongeza mwanga kuna mwanga wa bure unaoupoteza. Kidole kimegusa sensa sawasawa? Kuna mwanga wa taa ya chumbani unaingia pembeni? Funga kipande cha mpira mweusi. Mzee avae soksi mkononi, kidole kikiwa cha moto damu inafika, mtikisiko unaweza kuongezeka kuliko ambavyo ungeupata kwa kuongeza ampia.

Nyie vijana mnadhani haya mapya. Mjapani Takuo Aoyagi ndo aliyegundua mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba ule mtikisiko wa mapigo, ambao alikuwa anauona kama usumbufu, unaweza kutumika kutenganisha damu ya ateri na vingine vyote. Na mwaka 2010 watu wa MIT, chuo cha Marekani, walichapisha oksimita ya kifaa kizima ikila miliwati 4.8, wakasema ni karibu mara kumi chini ya zile za dukani walizozipima. Siri yao kubwa haikuwa kwenye LED, ilikuwa kwenye kikuza mawimbi kilicho baada ya fotodayodi (jicho linalopokea mwanga), walikitengeneza kiwe na kelele ndogo na chepesi hadi taa zikahitaji kuwaka kidogo tu. Masikio yakiwa mazuri msemaji hapigi kelele. Wewe 7mA kwa volti 3.7 ni miliwati 26. Bado una safari lakini umeshatoka kijijini.

#21 tozi_wa_sinza

Mimi naona mnazunguka. Si kisome sekunde 10 kila dakika 5 halafu kilale? Betri mwezi mzima. Nimemaliza uzi.

#22 sista_wa_zamu

Hujamaliza kaka. Kwa mtu ambaye oksijeni yake inashuka polepole sawa, hata ukisoma kila dakika moja utaiona. Lakini waya_mwekundu amesema mzee anakoroma, halafu kimya, halafu anastuka. Huyo pumzi inaweza kuwa inasimama kwa sekunde kumi, ishirini, inarudi. Oksijeni inashuka na kupanda ndani ya dakika moja. Wewe ukifungua jicho kila dakika tano utamkuta kila mara ana 96 na utasema yuko salama. Kwenye vipimo vya usingizi hata kile kipindi cha kuchanganya wastani kinatakiwa kisizidi sekunde 3 ili hiyo mishuko isifutike.

Na kaka waya_mwekundu, hilo la kukaa kimya halafu kustuka lipeleke kwa daktari hata kama kifaa kitasema yuko vizuri.

#23 tozi_wa_sinza

Sawa sista, nimenyoosha mikono. Kumbe kulala nako kuna mambo.

#24 Kipepeo_Kinondoni

Na mimi niulize. Vile vya dukani mbona vinamaliza betri haraka hivyo? Cha kwetu betri tulizonunua dukani kwa Mangi hazijamaliza wiki.

#25 FundiBoksi

Dada zile za bei chee za karatasi nje ni za kaboni, chaji yake ni chini ya nusu ya alkalaini. Alkalaini ndogo ile ina kama 1000mAh, kifaa kinakula labda 30, unapata masaa 30 na kitu ya kuwaka. Na cha kwako angalia, kuna vile ukikitupa kwenye mkoba kitufe kinabonyezwa chenyewe kutwa nzima. Kama hukitumii toa betri.

#26 waya_mwekundu

Wakuu samahani kwa ukimya, wiki mbili kazi zilibana. Narudisha majibu.

Miweko nimeshusha 50, urefu nimeacha 411 kama babu alivyosema, mkondo unajirekebisha wenyewe. Nimekaa nikaangalia unavyofanya usiku wa kwanza. Kwa mwanangu wa miaka sita, kidole chembamba, ulitulia kwenye 6mA infraredi na 9 nyekundu. Kwangu 11 na 15. Kwa mzee, mvuvi wa zamani, amevuta nyavu Kigamboni miaka thelathini, ncha ya kidole imekuwa ngumu kama kisigino, ulipanda hadi 24 na 38. Mimi nilikuwa najaribia kwangu na kwa mtoto nikidhani namba ikifaa kwetu itafaa kwake. Sista nakushukuru sana, ningemwekea 12 mzee wa watu angekuwa ana 87 kila usiku na mimi nakimbizana na bodaboda.

Tukaweka soksi ya mtoto kwenye mkono wake nikaikata ncha, feni ikageuzwa isimpige mkononi, tukahamisha sensa kidole cha pete ambacho hakijakomaa. Mkondo ukashuka wenyewe hadi 15 na 23. Sijagusa programu hata herufi moja.

Nikipima kifaa kizima usiku ni kati ya 3.4 na 3.6mA. Usiku mmoja wa masaa tisa ni kama 32mAh. Ile betri ya sonara ya gramu 29, hiyo hiyo feki, nimeijaza Jumapili ya wiki iliyopita na leo usiku wa kumi na moja bado iko volti 3.8. Umeme umekatika mara mbili katikati hapo na mimi nimejua asubuhi kwa sababu friji ilikuwa inamwaga maji.

Kuhusu kukata pumzi, namba nimezitoa nikazichora, kuna mabonde, 95 inaenda 88 inarudi ndani ya nusu dakika, usiku mmoja nimeyahesabu 40 na kitu. Nimeyachapisha kwenye karatasi tumeenda nayo kwa daktari. Hakuyatumia kama kipimo, amesema waziwazi yeye hakitambui hicho kifaa, lakini aliuliza maswali ambayo mara zote hakuwahi kuuliza, na amemwandikia mzee kwenda kupimwa usingizi.

Mzee yeye ana lalamiko moja tu. Anasema zamani akiamka usiku alikuwa anaona kioo kinawaka anajua saa ngapi, sasa giza tupu.

#27 chapati_mbili

Mrudishie mzee saa yake jamani.

#28 BabuOhm

OLED inakula umeme kwa nukta zinazowaka tu. Andika saa peke yake, tarakimu nyembamba kwenye nyeusi, iwake sekunde tatu akigonga kifaa mara mbili. Hutaiona hata kwenye vipimo.

#29 waya_mwekundu

Sawa babu, leo leo. Niko kwenye daladala hapa naenda Kariakoo kufuata HT7333 nyingine mbili, shemeji ameona cha mzee anataka cha mama yake, na safari hii naenda na kimizani changu mfukoni.